Askari Aliyetolewa Bure

Msomaji, ukiiona mali imewekwa njiani pako, na aliyeiweka amekaa kando anakutazama, utaiokota? Swali hili lilimkabili José Raúl Capablanca, mtu wa Kuba, mjini New York mwaka 1918, katika mashindano ya sataranji. Mbele yake aliketi Frank Marshall, bingwa wa Marekani.

Capablanca alicheza kete nyeupe. Alianza kwa ufunguzi wa Kihispania, uitwao kwa jina la padre Ruy López aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1561. Katika mwendo wa 8 Marshall alimsukuma mbele askari wa malkia, akamwacha askari mwingine wa katikati aliwe bila malipo. Marshall hakuwa mtu wa kupoteza askari kwa uzembe. Capablanca alitambua kwamba mwenzake amekwisha kuyapima nyumbani yote yatakayofuata, ilhali yeye itampasa kuyapima pale pale mezani.

Angaliweza kukataa. Lakini, kama alivyoandika baadaye, aliona akili yake imeitwa uwanjani. Akamla askari. Shambulio likaja kwa ukali: farasi, maaskofu na malkia wa Marshall wote walimwelekea mfalme mmoja, hata mfalme huyo akatoka mafichoni, akavuka uwanja hatua kwa hatua hadi upande wa pili. Mchezo ulikwisha kwa mwendo wa 36. Capablanca alishinda.

Je, alitenda vyema? Wengi husema ndiyo, kwa kuwa alishinda. Mimi kipimo hicho sikikubali. Mkono uliponyanyua kete haukujua mwisho. Lau angalishindwa, wale wale wamwitao shujaa wangalimwita mwenye kiburi, na tendo lingalikuwa lile lile. Yatupasa kuuliza alijua nini wakati ule. Aliiona hatari waziwazi, aliliamini jicho lake, na hasara ingalikuwa yake peke yake. Hili la mwisho ndilo zito kwangu. Nahodha avukaye bahari ya kusi iliyochafuka, chombo kimejaa abiria, hana ruhusa ya namna hiyo, hata akifika salama.

Na Marshall je? Siku ile alishindwa, walakini shambulio lake halikuzikwa. Lilitengenezwa upya, na mabingwa hulicheza hata leo kwa jina lake. Wapo wenye kete nyeupe ambao, wakiukaribia mwendo wa 8, huipinda njia kwa makusudi wasikutane nalo, wala hakuna awaitaye waoga.