KUMWOKOA MGENI NI FARDHI, NA KUJIFUNZA KUMWOKOA NI FARDHI VILE VILE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, malori yatokayo bandari ya Mombasa kwenda Uganda hupita Naivasha, na watoto wetu huipita njia hiyo usiku na mchana. Usiku wa tarehe 10 Disemba 2016, mahali paitwapo Karai, karibu na Naivasha, lori lililochukua kemikali yenye kushika moto lilimshinda dereva, likayagonga magari mengine, na moto ukalipuka. Walikufa kiasi cha watu 40.

Katika misiba ya namna hii, aghalabu mtu wa kwanza kumfikia majeruhi si tabibu wala si polisi. Ni mpita njia au mkazi wa jirani, asiyemjua majeruhi kwa jina, wala kwa kabila, wala kwa dini. Kwa dakika chache, baada ya Mwenyezi Mungu, uhai wa yule majeruhi umo mikononi mwake.

Je, dini yetu yamwamrisha nini mtu huyo? Katika Suratul Maida, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametufunza kwamba kumwokoa mtu mmoja ni kama kuwaokoa watu wote. Neno lililotajwa humo ni nafsi. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, ameeleza kwamba kumwokoa mwenye kuzama hutangulizwa kabla ya Sala, kwani Sala yaweza kulipwa, na roho ikitoka hairudi. Na aliyefunga, ikiwa hawezi kumwokoa mtu ila kwa kufungua, basi na afungue. Tazameni, ndugu zetu, uzito wa jambo hili! Ni fardhi ya kutosheleza, wakiitimiza baadhi ya watu wengine husalimika. Lakini asipokuwapo muwezaji ila wewe, imekuwa ni yako peke yako.

Lakini sisi tunazo nyudhuru. Wako wasemao, "Hiyo ni kadari ya Mungu." Naam, na wewe kupita hapo wakati huo si kadari? Mtume wetu (s.a.w.) ameamrisha watu wajitibu, wala hakuwaamrisha wakae wakitazama. Wako waogopao kwamba hospitali itamkataa majeruhi asiye na fedha. Na watambue kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imekataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Na wako, nao ni wabaya zaidi, ambao hutoa simu wakapiga picha za mtu anayekata roho, au huingiza mkono mfukoni mwake.

Udhuru uliobaki ni kusema, "Sijui la kufanya." Wanavyuoni wetu wameweka kanuni: jambo la wajibu likiwa halitimii ila kwa kitu fulani, basi kitu hicho nacho ni wajibu. Basi kujifunza ni wajibu, kwani mwenye huruma asiye na elimu huenda akaua. Humvuta majeruhi kwa mikono akamvunja uti wa mgongo, au humnywesha maji aliyezimia yakamwingia mapafuni. Mambo yenyewe si mazito: kulikandamiza kwa nguvu, kwa kitambaa safi, jeraha litokalo damu, kumlaza ubavu aliyezimia naye angali akipumua, kumbonyeza kati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, asiyepumua, na kutuma mtu apige simu 999 au 112.

Na la kwanza katika elimu hiyo ni kuitazama hatari kabla ya kuiendea. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuyateka mafuta, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Hatulitaji hili kwa kuwalaumu maiti, bali ili walio hai wazingatie.

Ndugu zetu, sisi hatuoni uzito kutoa fedha nyingi kwa pilau ya hitima, mtu akisha kufa. Je, twashindwa kutoa kidogo ili asife? Kila msikiti na kila madrasa na wamwite mwalimu, japo wa Chama cha Msalaba Mwekundu, awafunze vijana wetu, wanaume na wanawake, huduma ya kwanza. Haya si mambo ya kuwaachia wengine. Huenda mtoto wako akalala barabarani Naivasha, miongoni mwa watu wasiomjua, nawe ukatamani wawe wamejifunza. Basi mjifunzie mtoto wa mwenzio.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye manufaa kwa waja wako. Amin.