Mkristo na Vitabu Vyake

Somo: 2 Timotheo 4:9–13



Mtume Paulo yumo kifungoni. Amekuwa mzee, majira ya baridi yanakaribia, na wenzake wametawanyika. Amebaki Luka peke yake. Katika hali hiyo anamwandikia Timotheo aje upesi, na anamwagiza mizigo. Anataka joho lake lililobaki Troa kwa Karpo, na anataka vitabu vyake, zaidi ya yote vile vilivyoandikwa katika ngozi. Mtu huyu anajua kwamba mwisho wake umekaribia, na bado anataka kusoma.

Wala Paulo hakusoma Maandiko peke yake. Aliposimama Areopago kule Athene aliyataja maneno ya watunga mashairi wa Kiyunani, akayatumia kumhubiri Mungu wa kweli (Matendo 17:28). Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri (Matendo 7:22). Danieli na wenzake walijifunza elimu ya Wakaldayo, wala hawakuacha kusali. Elimu hiyo haikuwatoa katika imani, bali iliwawezesha kusema na watu waliowekwa kati yao.

Nasema haya kwa kuwa wengi wetu hufunga vitabu siku ile ile tunapomaliza mtihani wa mwisho. Katika miaka yangu ya chuo cha ualimu niliwaona vijana hodari wakienda kufundisha wengine kusoma, na wao wenyewe hawasomi tena. Wako pia wanaosema, "Nina Biblia na Kitabu cha Sala, yanitosha." Kwa wokovu yatosha, naam. Lakini Biblia hiyo hiyo yatuamuru kumpenda jirani, nasi twawezaje kumpenda mtu tusiyetaka kumjua?

Hebu tutazame riwaya moja ya zamani, Cry, the Beloved Country, iliyotolewa mwaka 1948 na Alan Paton wa Afrika Kusini. Stefano Kumalo ni padre wa Kianglikana, Mzulu, katika bonde maskini la Ndotsheni. Juu ya bonde hilo yuko mkulima Mzungu, Jarvis, mwenye shamba zuri. Miaka yote wameishi karibu bila kujuana. Mwana wa Kumalo anakwenda Johannesburg, anapotea katika uovu, na siku moja anampiga risasi mtu na kumwua. Aliyeuawa ni mwana pekee wa Jarvis.

Jarvis anafika katika nyumba ya marehemu na kuingia chumba chake cha kusomea. Anaona kabati zima la vitabu juu ya Abraham Lincoln, na vingine juu ya nchi yao, juu ya dini, tena mashairi na riwaya. Mezani ziko karatasi ambazo mwanawe hakuzimaliza, akieleza dhuluma wanayotendewa watu weusi. Baba anaketi, anasoma. Anamfahamu mwanawe akiwa amekwisha kufa, na kwa kumfahamu mwanawe anaanza kuwaona watu wa bondeni. Baadaye anawapelekea watoto wa Ndotsheni maziwa, anamleta mtaalamu wa kuwafundisha kilimo, na anaahidi kujenga upya kanisa la Kumalo.

Ndugu, angalieni jambo hili. Jarvis hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyejua, na hakujua kwa sababu hakuwahi kuhitaji kujua. Je, sisi hatuna mabonde yetu? Tunao jirani wa dini nyingine, wa kabila jingine, mfanyakazi wa ndani tunayemwita kwa jina moja tu. Kitabu chaweza kutufungulia mlango ambao miguu yetu haijawahi kuukaribia.

Lakini kitabu kimoja ni shahidi mmoja, na Torati yataka mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu 19:15). James Mbotela, mwana wa watu waliokombolewa utumwani, aliandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Habari za Freretown, kule Mombasa, ambako Kanisa liliwapokea watumwa waliookolewa, yatupasa kuzijua. Hata hivyo, Mbotela anawasifu Waingereza kuliko kiasi. Basi pamoja naye msomeni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994, ambayo kwa Kiswahili ni Peponi, yamhusu mtoto Yusufu, ambaye baba yake anamtoa kwa tajiri kwa ajili ya deni. Hakufungwa mnyororo, lakini si huru. Msomaji wa vitabu hivi viwili hatakuwa mwepesi wa kusema kwamba utumwa ulikwisha siku ile meli ilipotia nanga.

Najua wazazi wengine wanaogopa riwaya kuwa huharibu watoto. Hofu hiyo si ya bure, maana viko vitabu vya upuuzi. Lakini Nathani alipotaka kumfikia Daudi katika dhambi yake, alimsimulia hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake (2 Samweli 12). Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, alizikusanya pia hadithi za watu wa Unguja akazichapa mwaka 1870. Na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo kwa muda ilikatazwa mashuleni, yamwonyesha baba mkali anayempiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana. Binti huyo anatoka nyumbani bila kufundishwa neno lolote juu ya kujitunza, naye anaanguka. Kitabu hicho chawaonya wazazi kabla ya kuwaonya mabinti. Basi mtoto asiachwe peke yake na kitabu. Someni naye, muulizane maswali, mkapime yote na kulishika lililo jema, kama Mtume anavyotuonya (1 Wathesalonike 5:21).

Nawaomba kila nyumba ijaribu vitabu vitatu kwa mwaka: kimoja cha zamani, kimoja cha siku hizi, na kimoja cha habari za kweli. Aliyenacho amwazime asiyenacho, naye akirudishe kikiwa safi. Baada ya chakula cha jioni mmoja asome kwa sauti, ili na bibi ambaye macho yake yamechoka apate kusikia. Kisha fungeni kitabu, mkasali, na katika sala hiyo mtajeni jirani mmoja ambaye hamjawahi kumwombea.

Bwana aliyewafumbua vipofu macho atufumbue na sisi. Amina.