Mdaiwa Mwenye Cheo

Usawa mbele ya sheria ya kodi huvunjwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wazi: sheria yenyewe humsamehe mwenye cheo. Kabla ya Katiba ya 2010, wabunge wa Kenya walikatwa kodi kwenye mshahara wa msingi, ilhali posho zao, zilizouzidi mshahara huo kwa mbali, hazikuguswa. Kifungu cha 210 kikaufunga mlango huo: hakuna sheria inayoweza kumwondolea afisa wa serikali wajibu wa kulipa kodi kwa sababu ya wadhifa wake au aina ya kazi yake. Upendeleo wa namna hiyo unachukiza, lakini angalau una ukurasa na mstari, na kilichoandikwa hufutika.

Njia ya pili haijaandikwa popote. Imejificha ndani ya neno ambalo sheria nyingi za kodi hulitegemea: kusudi. Aliyekosea hulipa deni na riba. Aliyekusudia kukwepa hushtakiwa. Ni tofauti ya haki, ila kusudi halionekani kwa macho. Lazima mtu aamue kama lilikuwepo, na hapo ndipo cheo huanza kusema.

Timothy Geithner alipoteuliwa kuwa Waziri wa Fedha wa Marekani, ilibainika kwamba wakati akifanya kazi Shirika la Fedha la Kimataifa hakulipa kodi anazotakiwa kulipa mtu aliyejiajiri. Deni lilikuwa dola zipatazo 34,000. Sehemu yake aliilipa baada ya kukaguliwa, pamoja na riba lakini bila faini. Sehemu nyingine, ambayo muda wa kuidai ulishapita, aliilipa uteuzi ulipokaribia. Alieleza kuwa ulikuwa uzembe, si kusudi. Januari 26, 2009 Seneti ilimpitisha kwa kura 60 dhidi ya 34, akakabidhiwa wizara inayoisimamia mamlaka ya mapato yenyewe.

Huenda alisema kweli. Lakini mwenye duka wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambaye mteja wake ametoka na mfuko bila risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi, naye huenda anasema kweli. Karatasi imeisha, mtandao umekatika, kijana wa kaunta kasahau. Afisa amesimama mlangoni, mfuko uko mkononi mwa mteja, na risiti haipo. Nchi ni mbili na sheria ni mbili, lakini tofauti ni ileile: mkubwa hupimwa kwa nia, mdogo kwa kilichokutwa.

Aristotle aliona kwamba watunga sheria humwadhibu hata asiyejua, pale kutojua kwenyewe kunapokuwa kosa lake. Mlevi, kwa mfano, alitozwa maradufu. Kwa kipimo hicho, utetezi wa kutojua ungepaswa kupungua uzito kadiri mtu anavyokaa karibu na sheria. Charles Rangel aliongoza kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani inayoandaa sheria za kodi, naye kwa miaka mingi hakutangaza pango la nyumba yake ya ufukweni huko Punta Cana, Jamhuri ya Dominika. Desemba 2, 2010 alisimama mbele ya wenzake, Spika Nancy Pelosi akamsomea karipio lililopitishwa kwa kura 333 dhidi ya 79. Aliamriwa alipe anachodaiwa. Mahakamani hakufikishwa.

Husemwa kwamba kwa mtu wa jina aibu nayo ni adhabu. Hoja hii ina uzito, ila kesi ya Spiro Agnew inaonyesha inakopwaya. Oktoba 10, 1973 Agnew alijiuzulu umakamu wa rais wa Marekani, na siku hiyohiyo hakulipinga shtaka la kukwepa kodi ya mapato. Alitozwa faini ya dola 10,000 na kupewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Mwanasheria Mkuu, Elliot Richardson, ndiye aliyeomba asifungwe. Cheo kiligeuka malipo. Fundi cherehani anayedaiwa kodi hana cha kujiuzulu. Isitoshe, cheo kilikuwa amana ya wapiga kura: kukiachia ni kurudisha mali ya watu, na deni halilipwi kwa mali ya anayedai.

Mapema 2009, mbunge John Carter wa Texas aliwasilisha muswada uliojaa kejeli: kila raia aruhusiwe kuandika "Rangel Rule" (Kanuni ya Rangel) kwenye fomu yake ya kodi, asamehewe faini na riba. Haukupita. Ungepita, usawa ungetimia, kwa kuwagawia wote huruma ya wachache. Mwanafalsafa Kant angeuliza kama huruma hiyo inastahimili kuwa kanuni ya kila mtu. Hazina inaweza kumsubiri mdaiwa mmoja mwenye cheo kwa miaka. Ikiwasubiri wenye maduka wote wa nchi, itakosa hata mishahara ya wabunge.