Ni Nani Anayedaiwa Jengo Likikwama?

Somo: Luka 14:28-30, Nehemia 2:1-18



Ukitoka sokoni Kombewa ukishika barabara ya kwenda Bondo, kuna jengo ambalo wengi wenu mnalijua. Kuta zimefika kimo cha dirisha, nguzo zimesimama, na vyuma vimechomoza juu vikiwa na kutu. Lilikuwa liwe jumba la maduka: supamaketi mbele, benki, duka la dawa, na vyumba vidogo vya wafanyabiashara upande wa nyuma. Siku hizi wapangaji ni mbuzi, na hawalipi kodi.

Tukipita pale tunatikisa kichwa na kumlaumu mwenye jengo. Leo sitaki kuongea juu yake. Nataka kuongea juu yangu.

Mradi ulipoanza, akina mama 14 wa chama kimoja hapa kanisani walikuja kuniuliza kama walipe gudwili ya vyumba, shilingi 30,000 kila mmoja. Walinijia mimi kwa sababu wanajua nilisomea biashara chuoni. Nilichukua karatasi, nikapiga hesabu ya kodi, wateja na faida ya miaka mitatu. Hesabu ilitoka safi kabisa. Kisha nikaongeza neno ambalo halikuwa kwenye karatasi. Nikasema, "Huu ni mlango Mungu amefungua." Wakasema Amina. Wakalipa.

Pesa za gudwili zilimwaga msingi na kusimamisha zile nguzo. Mwenye jengo alitegemea mkopo umalizie kazi iliyobaki. Benki ikaomba hati ya shamba. Hati iko kwa jina la babu aliyefariki zamani, na kesi ya urithi haijawahi kupelekwa kortini. Hakuna benki itakayoshika rehani ardhi ya marehemu. Mafundi wakabeba vyombo vyao wakaenda nyumbani.

Mimi, mwenye digrii, niliuliza tutapata faida gani. Sikuuliza shamba ni la nani.

Sasa hapa kuna swali ambalo limeninyima usingizi. Sikuchukua hata shilingi moja ya wale mama. Sikutia sahihi popote. Kisheria, sidaiwi. Je, mbele za Mungu nadaiwa?

Kwanza nilijitetea kwa imani. Nikajiambia, hata Ibrahimu alitoka bila kujua anakokwenda. Lakini nikisoma tena naona Ibrahimu alihama yeye na nyumba yake. Hakumtuma jirani atangulie halafu yeye abaki Harani akisema Amina. Imani ni kuhatarisha kilicho chako kwa sababu Mungu amesema nawe. Kuhatarisha cha mwenzako na kumtaja Mungu kama mdhamini, hiyo sio imani. Tuiite jina lake: ni kiburi kilichovaa koti la Jumapili.

Katika Luka 14 Yesu anaongea juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Anasema mtu huyo ataketi kwanza ahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza na watu wakamcheka. Kwa miaka mingi nimehubiri hapo kana kwamba hasara kubwa ni kuchekwa. Lakini kwetu hakuna aliyecheka. Mama mmoja anayeuza omena alisimama nami kando ya jengo, akaonyesha nguzo ya kona, akasema, "Pasta, nyathina, ile ni yangu." Ukiweka akiba shilingi 100 kila siku, 30,000 ni siku 300. Hiyo nguzo ni siku 300 za mama huyo kwenye jua. Ndipo nikaelewa kwamba kuhesabu gharama sio ukosefu wa imani. Ni njia ya kumpenda jirani, kwa sababu gharama ikikosewa, mara nyingi sio wewe utakayeilipa.

Na msifikiri hili ni la watu wadogo peke yao. Nendeni Kisumu, pale Mamboleo, mkaone Lake Basin Mall. Ni mradi wa shirika la serikali, Lake Basin Development Authority, lililoundwa mwaka 1979 kuendeleza eneo letu hili la ziwa. Ulipangwa kugharimu takriban shilingi bilioni 2.5, lakini gharama ikapanda hadi kupita bilioni 4, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa benki. Lile halikukwama njiani. Lina kuta, lina paa, lina lifti. Lakini baada ya kukamilika lilikaa miaka likiwa karibu tupu huku deni na riba vikikua, hadi Bunge likataka maelezo. Kumbe jengo linaweza kuisha na hesabu bado haijaisha. Na wa kubeba mzigo ni mlipa kodi wa Seme na Nyando, ambaye hakuwa kwenye kile kikao.

Najua mpendwa mmoja atauliza: Pasta, kila mtu akihesabu hivi, nani atajenga? Tutakaa na karatasi hadi Yesu arudi!

Swali ni zuri. Mwangalie Nehemia. Alifika Yerusalemu, akakaa siku tatu, akatoka usiku kuzunguka kuta zilizobomoka kabla hajamwambia mtu yeyote. Tena alikuja na barua ya mfalme kwa mlinzi wa msitu, ili apewe mbao. Baada ya hapo ndipo aliwaambia watu, inukeni tujenge. Ukuta uliisha kwa siku 52. Nehemia aliomba sana, lakini barua ya mbao alikuwa nayo mfukoni.

Pia tusimhukumu kila mtu ambaye jengo lake limesimama. Hekalu lenyewe lilikwama baada ya msingi kuwekwa, kwa sababu ya maadui na amri ya mfalme. Likakaa hivyo hadi mwaka wa pili wa Dario, Hagai na Zekaria walipowaamsha watu, na likamalizika mwaka wa sita. Kukwama sio dhambi. Dhambi ni kumwacha mwenzako ndani ya msingi halafu wewe ukaendelea na safari.

Kwa hivyo jibu langu ni hili: ndiyo, nadaiwa. Sidaiwi pesa, nadaiwa neno. Nilisema Mungu amefungua mlango, na sikuwa nimesikia hivyo kwa Mungu. Nilikuwa nimesikia kwa karatasi yangu. Nimewaambia wale mama hivyo, wote 14, nikiwa nimesimama mbele yao. Wengine walilia. Mmoja alinyamaza, na bado hajaniongelesha. Sina haki ya kumharakisha.

Mwezi uliopita tulienda pamoja kwa familia yenye shamba. Wamekubali kuanza kesi ya urithi, na kesi hiyo huanza na barua ya chifu. Nehemia alianza na barua ya mfalme, sisi tunaanza na ya chifu. Sijui kama jengo litaisha. Safari hii sitasema Mungu ameniambia.

Na kwa sababu mnajua kamati inataka kupanua kanisa letu, nimeomba kitu kimoja: ahadi zisichukuliwe hadi hati ya kiwanja ikaguliwe na makadirio ya gharama yasomwe hapa mbele, Jumapili, kila mtu asikie. Yule anayetoa shilingi 50 ana haki ya kujua kama aliyeketi kuhesabu alihesabu pia 50 yake.

Wiki hii, kabla hujamwambia mtu "Mungu amesema", jiulize: nikikosea, nani atalipa?

Mungu awabariki.