Mnaona, Mnajua, Mnanyamaza

Enyi watu wa mtaa, mnajua. Mnaijua nyumba ambayo watoto hufungiwa kwa kufuli tangu alfajiri, mama akitoka kutafuta riziki. Mnamjua mtoto anayezungusha sahani ya karanga baa hadi baa saa nne usiku. Mnamjua binti aliyeacha ghafla kucheza na wenzake tangu yule mgeni ahamie chumba cha uani. Mmeyasema bombani na gengeni, mmeyaandika kwenye kundi la WhatsApp, mkasikitika, mkalala. Hamjamfikishia hata mtu mmoja mwenye uwezo wa kusaidia. Siku mtoto atakapovunjwa mkono ndipo mtajaa uani, kila mmoja akimweleza polisi alivyokuwa akisikia vilio tangu Ramadhani. Ushuhuda huo unawahukumu ninyi kabla ya kumhukumu aliyepiga.

Msiniambie kwamba ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Ipo ndoa hapa mtaani mliyoiingilia tangu siku ya posa. Mlijadili mahari, mkaunda kamati ya harusi yenye mwenyekiti na mweka hazina, mkawapigia watu simu mpaka usiku kudai ahadi za michango. Mwaka ulipopita bila mimba mliuliza hadharani, kulikoni? Leo mume hana kazi, mapacha wana miezi minne, mke halali, haongei, anawatazama wanawe kana kwamba si wake, na ninyi mnapita mbele ya mlango huo mkiinamisha macho. Nani ameitisha kikao? Nani amepeleka uji, akambeba pacha mmoja alasiri nzima ili mama huyo apate usingizi? Nani amemsindikiza kituo cha afya akakaa naye kwenye benchi mpaka aonwe na mganga? Hayo hayangojei bajeti ya wizara yoyote.

Watoto wengi wanaoumizwa nyumbani, msiba wao haukuanza na kipigo. Mama alichukua mkopo wa kausha damu alipie kodi. Rejesho likamshinda, wakopeshaji wakabeba godoro na jiko. Akawakimbia wanaomdai, akawaacha watoto kwa shoga yake, naye shoga huyo hana kitu. Muda si muda yule mkubwa, wa miaka 11, akatafutiwa kazi za ndani mjini kwa watu ambao hakuna hata mmoja wenu anayewajua vizuri. Tangu rejesho la kwanza mpaka siku mtoto alipopandishwa basi, mlikuwa na nafasi ya kumzuia huyo mama asizame. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kingeweza kumkomboa. Mwenye nyumba angeweza kungoja mwezi mmoja. Balozi wa nyumba kumi angeweza kumpeleka kwa afisa ustawi wa jamii. Badala yake mlimwita mzembe, na neno hilo likawatosha.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania haikuwapa hiari. Inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumpa mwanawe chakula, malazi, matibabu au elimu, aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Na ile hofu mnayoieneza, kwamba ukisema tu watoto watanyakuliwa na mzazi atafungwa, haina mizizi katika sheria hiyo. Kwa mzazi aliyetelekeza wajibu wake, afisa ustawi wa jamii huanza kwa kumwita wazungumze. Mahakama huja baadaye, akikaidi. Mlango wa kwanza ni mazungumzo, nanyi mmeufunga kwa uvumi, familia zikaozea ndani.

Kuna jambo baya kuliko kunyamaza, nalo ni kumalizana. Mtoto amenajisiwa, mama yake amekwenda mpaka Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kesi imefunguliwa. Ndipo wazee wa koo mbili wanakutana jioni. Fedha inawekwa mezani, ng'ombe wanatajwa, mama anatishiwa talaka, na siku ya kesi shahidi haonekani. Mnaita hiyo kulinda heshima ya familia. Heshima ya nani, enyi wazee? Mtoto amerudishwa kulala ukuta mmoja na aliyemharibu, na bei yake mmeila. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliowahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Hao walikuwa watoto wa mitaa hii hii, na kwenye mitaa hiyo wazee walikuwapo. Ole wenu mliopokea.

Nawe mwalimu, mtoto anayesinzia kila asubuhi kwenye dawati lako umemchapa mara ngapi kabla ya kumuuliza alilala wapi? Anachelewa kwa sababu ndiye anayewapikia wadogo zake uji. Alama za mguuni umeziona, ukaongeza zako juu yake. Shuleni ndiko mtoto huyo anakoonwa na mtu mzima asiye wa nyumba yake siku tano kwa wiki, na mtu mzima huyo ni wewe.

Shehe na mchungaji, mmesuluhisha ndoa nyingi kwa kumwambia mke avumilie, na hamkumwita mtoto mkamsikiliza.

Na ninyi wa ofisini, hamjasalimika. Mama ameomba ruhusa kwa bosi, amekopa nauli, ameacha genge, amefika kwenu na mtoto mgongoni. Mmemwambia arudi kesho, afisa yuko semina. Amerudi, mmemwambia kama anataka afisa afike nyumbani kwake alipie bodaboda. Hatarudi mara ya tatu, na majirani aliowasimulia hawatakuja kabisa. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulipoanza mwaka 2017 uliagiza ziwepo kamati za ulinzi mpaka ngazi ya mtaa na kijiji. Ipo mitaa ambako kamati hiyo ni orodha ya majina kwenye faili, na wenye majina hawajui kwamba wamo. Itisheni kikao. Bandikeni majina hayo ukutani penye mbao za matangazo, watu wajue wamgongee nani hodi usiku.

Kina baba mliohamia mkoa mwingine mkabadilisha namba ya simu, mtoto wenu anaulizwa jina la baba kila anapoandikishwa. Rudini mtunze, au tumeni matunzo kabla hamjaitwa mahakamani.

Basi wewe unayesoma, yupo mtoto mmoja uliyemkumbuka tangu mistari ya mwanzo. Nenda leo nyumbani kwao ukawaulize wazazi wake wamekwama wapi. Ukiona hatari, mwone mwenyekiti wa mtaa au afisa ustawi wa jamii kabla jua halijazama, au piga 116. Simu hiyo ni bure.