Fomu Ilikubali

Kuna hoja moja inayozunguka kwenye saiba za Kajiado, kutoka Kitengela hadi huku Illasit, na kila anayeitoa huitoa kwa ujasiri wa wakili. Inaenda hivi: tovuti iliweka fomu ya kupakia picha. Mimi nikapakia faili langu. Halikuwa picha, sawa, lakini fomu ilikubali. Sikuvunja nenosiri la mtu, sikumpigia mtu simu kumdanganya, sikuiba chochote. Sasa nimehaki nini?

Kwa ambaye hajawahi kukaa upande huo wa kompyuta, mambo huwa hivi. Fomu inaomba picha ya kitambulisho au nakala ya cheti. Aliyeitengeneza alisahau kuiambia seva ikague kinachoingia, au alilipwa kidogo mno kukumbuka. Basi mtu anatuma faili ambalo ndani yake ni programu. Seva inalipokea na kuliweka kwenye folda ileile ya picha. Mtu huyo akifungua anwani ya faili lake, seva haionyeshi picha, inatii amri. Kuanzia hapo anaweza kusoma kila kitu ambacho tovuti yenyewe inaweza kusoma. Hakuna uchawi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na nimekueleza kwa sentensi chache tu.

Nadhani wepesi huo ndio unaotuchanganya. Kwa vijana wengi neno lenyewe ni cheo: mdukuzi ni yule wa kwenye sinema, kofia kichwani, maandishi ya kijani yakishuka kwenye skrini. Kwa hiyo kitu rahisi hakistahili jina hilo, na kama hakistahili jina, basi hakina kosa. Ona vile hoja imeteleza. Imeanza na sifa ikaishia kwenye hatia, na hizo ni mizani mbili tofauti kabisa.

Tena hatulitumii neno hili kwa usawa. Januari 2012, kijana wa Indonesia aliyejiita Direxer aliharibu tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mpigo mmoja. Mwenyewe alisema alitumia mbinu alizojifunza kwenye jukwaa la mtandaoni. Sikumbuki mtu akiuliza kama kazi hiyo ilikuwa ngumu vya kutosha. Kisha Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan liliifurikia eCitizen kwa maombi ya bandia mpaka ikazama, na waziri akasema hakuna data iliyopotea. Mafuriko kama hayo huziba mlango tu, hayamwingizi mtu ndani, lakini nchi nzima ilisema eCitizen imehakiwa. Yaani mgeni akiziba mlango amehaki, ila msee wetu akiingia hadi chumbani ni fomu iliyokubali.

Kiswahili chenyewe kinanipa shaka na hoja hiyo. Tunasema udukuzi, neno linalofanana sana na dukiza, kusikiliza kwa siri maneno ya watu. Anayedukiza havunji mlango. Sauti inapita ukutani yenyewe na kumfikia alipo. Hata hivyo hakuna bibi wa pwani wala wa bara atakayemwambia, "Ni sawa mwanangu, ukuta ulikuwa mwembamba."

Sheria nayo ina mambo. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao, ya mwaka 2018, kinamwadhibu anayefanya mfumo wa kompyuta utende kazi kwa kukiuka hatua za ulinzi, akikusudia kuufikia na akijua hana ruhusa. Faini ni hadi shilingi milioni 5, kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Soma tena hapo kwenye hatua za ulinzi. Kama fomu haikuwa na ulinzi wowote, umekiuka nini? Wakili mzuri angeweza kuishi kwenye maneno hayo mwaka mzima. Sasa panda nduthi hapa Illasit uvuke hadi Tarakea. Sheria ya Tanzania ya Makosa ya Mtandao, ya mwaka 2015, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria, basi. Haiulizi habari ya ulinzi. Hata mkataba wa Budapest wa 2001 unaiachia kila nchi ichague kuweka sharti hilo au kutoliweka.

Kwa hiyo kitendo kimoja, kwenye laptopu moja, kinaweza kuwa na mjadala upande huu wa barabara na kisiwe na mjadala upande ule. Wengine hapo hukimbilia kusema basi hakuna ukweli, ni sheria tu. Mimi naona kinyume: sheria mbili zikitofautiana kuhusu kitendo kilekile, ndipo unapolazimika kufikiri mwenyewe.

Na kabla ya kusherehekea maneno ya kifungu cha 14, tazama sheria iliyo kuukuu zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 303, inasema mtu anayefungua mlango kwa kuusukuma tu anahesabika amevunja nyumba. Kuusukuma! Walioandika maneno hayo hawakuwa na habari ya seva, lakini walishakutana na mtu wa "mlango haukuwa na kufuli." Lazima walikutana na wengi.

Huku mpakani tunaijua vizuri tofauti kati ya kizuizi na ruhusa. Kuna njia za panya katikati ya mashamba, bila waya wala askari. Mama anavuka na nyanya zake, anamwona dadake, anarudi jioni. Humsikii akidai kwamba kukosekana kwa waya ni sawa na muhuri wa uhamiaji. Anajua amevuka. Anachosema ni kwamba hajamdhuru mtu, na mara nyingi anasema kweli. Mstari wenyewe Waingereza na Wajerumani walianza kuuchora mwaka 1886, na hawakumuuliza Mmasai wala Mchaga.

Huo ndio utetezi wa maana, na ndio ningependa kuusikia kutoka kwa watu wa fomu. "Ilikubali" inajibu swali ambalo ni dogo. Swali kubwa ni nani anaumia.

Hapo mfano wa mlango, ambao nimeutumia mpaka umechakaa, unavunjika. Kwenye nyumba, mwenye mlango kwa kawaida ndiye mwenye mali. Kwenye tovuti sivyo. Chukua fomu yoyote ya basari. Msichana wa kijijini anakuja saiba na bahasha. Ndani mna nakala ya kitambulisho cha mlezi, barua ya chifu, matokeo ya mtihani na, kama ni yatima, vyeti vya vifo vya wazazi wake. Anayehudumu anapiga picha moja moja, anapakia, anapokea hela yake. Msichana anarudi nyumbani kungoja. Wewe na mwenye tovuti mnaweza kubishana hadi asubuhi kuhusu nani alimruhusu nani, lakini vitu vilivyo kwenye folda si vyako wala si vyake. Kwa picha ya kitambulisho tapeli anaweza kumbadilishia mtu laini ya simu, au kuchukua mkopo kwa jina lake. Na hata hilo lisipotokea, kuna mtu usiyemjua amefungua cheti cha kifo cha mama yake ili aone kama faili linafunguka.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ni udukuzi. Fomu iliomba picha na wewe ulijua iliomba picha. Ukaribisho wa kitu kimoja si ukaribisho wa kila kitu. Nyumba nyingi za mabomani hazina kufuli mchana kutwa, na bado mtu hupiga hodi na kusubiri.

Ila sitaki wenye tovuti wakae hapo wakitabasamu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka waweke ulinzi tangu wanapobuni mfumo, na data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, wamjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ipi iliyo ndogo. Ndiyo, ndogo. Kijana wa saiba anatishiwa milioni 5 na jela juu. Kampuni yenye mapato ya milioni 20 haiwezi kupita laki 2. Ukitafuta mahali hasira ya vijana ina haki, ni hapo.

Na kuna kijana mwingine ambaye sheria haimwoni vizuri: yule aliyegundua bila kutafuta. Alikosea akapakia faili lisilo sahihi, likapokelewa, akashtuka. Kwangu mimi, hapo bado hana hatia. Akilifungua ili aone litafanya nini, ameanza safari. Akisoma folda ya wengine, amefika. Lakini kifungu cha 14 hakiulizi kama nia yako ilikuwa kusaidia, na kumwandikia mwenye tovuti kwamba fomu yake iko uchi kunaweza kusomeka kama kukiri. Kipo kituo cha taifa cha kupokea ripoti za aina hii, KE-CIRT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Sijui vijana wangapi wa huku wamewahi kulisikia jina hilo. Wengi ninaowajua hufunga tu laptopu na kwenda kula.

Zile saa 72 huanza kuhesabiwa mwenye tovuti anapojua. Fomu ambayo hakuna aliyeiripoti hubaki vilevile, na kesho asubuhi kuna mtu mwingine na bahasha yake kwenye foleni ya saiba.