Nani, au Nini?

Mtoto avimbapo taya, neno la kwanza litokalo vinywani mwa watu wa nyumba ni lipi? Katika vijiji vingi ni hili: “Nani amemfanya hivi?” Mara chache mtu huuliza, “Ni nini hiki?” Maswali hayo mawili yakaribiana sana kwa sauti, walakini njia zake zaachana mbali, na mwezi huu twataka kuyapima, maana yako maradhi ambayo swali litanguliapo huweza kuamua uhai wa mtoto.

Maradhi tuyanenayo ni namna za saratani ziitwazo limfoma. Katika mwili wa kila mtu ziko chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kulinda, mfano wa askari walindao mji. Boma lake ni tezi ndogo ndogo, zile zivimbazo kinenani mtu akiwa na kidonda mguuni, nasi huziita mitoki. Ziko na kwapani, na shingoni, na ndani ya kifua na tumbo. Chembe moja katika hizo ikiasi, ikazaana pasipo kiasi, hiyo ndiyo limfoma. Basi mtu angetazamia kuiona katika tezi tu. Lakini askari hawakai bomani siku zote, huzunguka mwili mzima. Kwa hiyo robo ya limfoma, au zaidi, tukiiweka kando ile iitwayo ya Hodgkin, huanza nje ya tezi: katika mfuko wa chakula, ngozini, katika ubongo, mifupani, nyuma ya jicho, tayani. Huko hakuna aitazamiaye. Mwenye limfoma ya mfuko wa chakula hudhaniwa kuwa ana vidonda vya tumbo tu, na mtoto mwenye limfoma ya taya hudhaniwa ana jino bovu. Hung'olewa jino, na uvimbe huendelea.

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, tabibu Hugh Trowell alimwita mwenzake mpasuaji, Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyekuwa na jicho moja tu tangu utoto wake, aje kumtazama mtoto mmoja mwanamume. Taya zake zilikuwa zimevimba mahali pane, juu na chini, kuume na kushoto. Jambo la ajabu, maana jipu halizuki mahali pane kwa mara moja. Burkitt akaenda zake bila jibu. Baada ya majuma machache alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani, akamwona nje mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Akatoka kumtazama, akamkuta ana uvimbe na ndani ya tumbo pia. Hapo ndipo akaanza kufunua vitabu vya wagonjwa. Akaona ya kuwa watoto walioandikwa kila mmoja kwa jina la mahali pa uvimbe wake, huyu taya, huyu figo, huyu jicho, wengi wao walikuwa na ugonjwa mmoja. Akaandika habari hizo mwaka 1958, na limfoma hiyo hata leo yaitwa kwa jina lake.

Wala hakuwa wa kwanza kuiona. Albert Cook, tabibu wa misheni aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikwisha kuchora picha za watoto wenye taya za namna hiyo katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Macho yaliona, ila mmoja hakuunganishwa na mwingine. Hatumlaumu Cook, aliyekuwa na kazi za watu kumi. Twalitaja jambo hili kwa sababu laonyesha ya kuwa kuona peke yake hakutoshi. Yataka mtu akae na swali lake muda mrefu.

Mwaka 1961 Burkitt na rafiki zake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walifunga safari ya motokaa ya majuma kumi, yapata maili 10,000, kutoka Kampala kwenda kusini mwa Afrika na kurudi. Walipita hospitali kwa hospitali, na nyingi zilikuwa za misheni, wakionyesha picha na kuuliza: Je, mmepata kumwona mtoto wa namna hii? Wapi ndiyo, wapi siyo? Jibu likakusanyika kidogo kidogo. Katika nchi za chini zenye joto na mvua, ndiyo. Katika nchi za juu zenye baridi, siyo. Ramani yake ikafanana na ramani ya malaria. Tena mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, waliofanya kazi London, walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo zilizotoka Uganda.

Hapa swali la “nani” lataka kurudi kwa mlango wa nyuma. Kirusi hicho hupita kwa mate. Mama ambusuye mwanawe aweza kumpa. Je, tumwite mama huyo mwenye hatia? Hata kidogo; maana watu walio wengi mno duniani wanacho kirusi hicho, tangu utoto wao, wala hawana uvimbe wo wote. Malaria ijayo mara kwa mara huisumbua ile jamii ya askari na kuwafanya wazaane kwa haraka. Kisha katika chembe moja vipande vya nyuzi zibebazo urithi hubadilishana mahali, ikaasi. Hakuna mkono wa jirani hapo, wala kijicho, wala laana ya shangazi asiyepewa mahari yake.

Jambo kama hilo laonekana katika mfuko wa chakula. Dennis Wright, aliyepata kufanya kazi Makerere siku za Burkitt, alieleza mwaka 1983 huko Uingereza, pamoja na Peter Isaacson, namna ya limfoma ianzayo mahali hapo. Baadaye ikajulikana ya kuwa nyingi za namna hiyo huchochewa na kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori. Mwaka 1993 ikatolewa habari ya wagonjwa 6 waliopewa dawa za kuua kijidudu tu, na kwa 5 uvimbe ukatoweka. Saratani ikarudi nyuma kwa vidonge! Asingalipata habari hiyo mtu ambaye swali lake ni kutafuta adui.

Lakini wako watakaotujibu: “Mmetuambia ni nini, hamkutuambia kwa nini ni mtoto huyu, wala si ndugu yake walalaye kitanda kimoja.” Neno hilo ni la haki, nasi hatuwezi kulicheka. Anayeuliza nani, mara nyingi moyo wake watafuta maana ya msiba kuliko mtu wa kumshtaki. Na alie, na aulize. Ila uvimbe wa Burkitt haumngoji: chembe zake huweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Juma moja la kuzungukia wapiga ramli, kwa mtoto huyo, ni muda mrefu mno.

Wala tusidhani swali hilo ni la wasiosoma tu. Mama afikapo hospitali na mtoto aliyekwisha kuharibika uso, akapokewa kwa neno, “Mbona umechelewa?” hilo nalo ni “nani” lililovaa nguo nyeupe. Labda mama huyo alikwenda zahanati siku ya tatu, akapewa dawa ya jino.

Hata hivyo iko namna moja ambayo “nani” yatakiwa sana. Limfoma hii, ijapokuwa ina haraka, ni katika saratani zisikiazo dawa; watoto wengi wamepona tangu siku za Burkitt, na nyumba ya matibabu iliyofunguliwa Mulago mwaka 1967 ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kwetu Tanzania watoto hutibiwa Muhimbili na Bugando. Lakini dawa hutolewa kwa zamu, majuma na miezi, na wako wazazi warudio nyumbani uvimbe ukiisha kupungua, kabla ya zamu kutimia, kwa ajili ya nauli, na shamba, na watoto waliobaki. Nao ugonjwa hurudi. Basi na iulizwe: Nani atatoa nauli ya mara ya tatu? Nani atalala na wale wadogo? Nani, mvua zikianza, atapalilia mahindi ya mama aliye Mwanza na mwanawe hata mwezi wa nne?